Masazo ya Horini

Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Tabora ulikuwa na nyika mbili za kuogopwa. Marenga Mkali ilianza mara tu Mpwapwa ikishaachwa nyuma. Mgunda Mkali ilikaa kati ya Ugogo na Unyanyembe. Maji huko yalikuwa ya kubahatisha, kwa hiyo wapagazi wa Kinyamwezi walipiga tirikeza: walikunywa na kujaza vibuyu, wakaondoka mchana, wakalala porini pakavu, wakayafikia maji kesho yake. Wafugaji wa njia hiyo nao waliwanywesha ng'ombe wao kwa mtindo huohuo kila kiangazi kilipokaza. Swali lililobaki ni la tumbo: mnyama anayekunywa kwa kuruka siku hula kiasi gani?

Swali hilo lilipata mtu wake Mpwapwa kwenyewe. Wajerumani walianzisha maabara ya mifugo pale mwaka 1905, na baadaye Waingereza wakaifanya Mpwapwa makao makuu ya idara ya mifugo ya Tanganyika. Miaka ya 1930 alifanya kazi huko mtaalamu wa bayokemia, M. H. French. Madaktari wengi wa mifugo wakati ule walikuwa wakipambana na sotoka, ndigana na nagana, magonjwa yanayoua zizi zima. Yeye alishika jambo lisilo na kishindo: zebu, ng'ombe wetu wa kienyeji, anapata nini hasa kwenye majani anayokula? Mwaka 1956 alichapisha utafiti juu ya zebu wanaonyweshwa kwa nadra, akiangalia wanakula hei kiasi gani na wanameng'enya kiasi gani cha hiyo waliyokula.

Jaribio la namna hiyo ni kazi ya mikono na ya subira. Maksai hufaa kuliko jike, kwa kuwa mkojo wake huangukia mbali na kinyesi. Nyuma hufungiwa mfuko kwa mikanda, ili kisipotee hata kidogo. Hei hupimwa kwenye mzani kabla ya kutiwa horini, na huwekwa nyingi kidogo kuliko anavyoweza kumaliza, maana akimaliza yote hutajua angetaka kiasi gani. Kesho yake masazo hukusanywa, pamoja na mabua yaliyodondoka chini, yakapimwa. Kinyesi nacho hupimwa na kuchanganywa, kisha sampuli yake hukaushwa kwenye oveni mpaka uzito usishuke tena. Halafu hesabu ya protini, nyuzinyuzi na majivu. Siku za mwanzo vipimo havihesabiwi, kwa sababu tumboni bado mna chakula cha zamani. Mikanda ikilegea na kinyesi kikamwagika, kazi ya siku hiyo imekwenda.

Ninachokipenda mno ni yale masazo. Hamu ya ng'ombe haisomeki usoni pake; inasomeka katika kile alichokiacha, nacho kinataka mtu wa kuinama kukiokota kila asubuhi. Homoni ya njaa, ghrelini, iligunduliwa Japani mwaka 1999. French hakuwa na kipimo chochote cha namna hiyo, na bado alipata jibu la kutegemewa.

Jibu lenyewe lilikuwa na pande mbili. Zebu walionyweshwa kwa nadra walipunguza kula, lakini kile kidogo walichokula walikimeng'enya vizuri kidogo zaidi. Leo sababu tunazijua. Mwili ukikaukiwa, chumvi ya damu hupanda na ubongo hukata hamu. Chakula nacho hukaa muda mrefu zaidi ndani ya tumbo kubwa, na bakteria hupata nafasi ya kuvunja mabua magumu. Figo hubana mkojo. Sehemu ya urea ambayo ingepotea hurudi tumboni kwa njia ya mate, ikawalisha bakteria walewale.

Heshima yangu kwa French inatokana pia na swali alilolichagua. Lilikuwa la mchungaji wa Ugogo na Unyamwezi. Huku Igunga na Nzega, malambo yakianza kukauka, kuwanywesha ng'ombe kila siku maana yake ni kuwalisha kwenye vumbi lililokanyagwa kando ya lambo. Kuwanywesha siku moja na kuacha moja huwafikisha kwenye malisho ya mbali ambayo hayajaguswa. Mchungaji alikwisha kuchagua zamani. Utafiti wa French ulimwonyesha anapoteza nini na anaokoa nini.

Hesabu hiyo isibebwe kila mahali, hata hivyo. Ng'ombe anayekamuliwa anahitaji maji mengi zaidi, kwa kuwa maziwa yenyewe sehemu kubwa ni maji, na akinyimwa hupungukiwa hamu na maziwa kwa pamoja. Anayefuga wa maziwa pale Tabora mjini amwekee ndoo mbele yake mchana na usiku.