Mtungi Usio na Namba

Mwezi uliopita, juu ya meza yangu hapa Dongobesh, palikuwa na vitu vitatu ambavyo nyanda hizi hazikuzoea kuviona: mtungi wa chuma wa mzamiaji, mtungi wa alumini wa mzamiaji, na valvu kuukuu iliyofungwa katika kitambaa kama yai. Aliyevileta ni mwanafunzi wangu wa zamani. Aliondoka Mbulu angali kijana, akaenda Unguja kutafuta kazi, akaanza kwa kuwabebea mitungi watalii wanaozamia, na hatimaye akajifunza ufundi wa kuitengeneza. Siku hizi hununua mitungi na valvu za zamani zilizotupwa pwani, huzisafisha, huzirudishia sura yake, kisha huziuza kwa watu wapendao kukusanya vitu vya kale. Alikuwa amekuja kuwaona wazazi wake. Akaniambia, "Mwalimu, ulizoea kutusahihishia madaftari. Nisahihishie na hii."

Basi nimesahihisha, na haya ndiyo masahihisho yenyewe. Msomaji ana haki ya kuuliza mzee wa Mbulu anajua nini juu ya kuzamia. Sijapata kuzamia. Maji mengi niliyoyazoea ni ya Ziwa Basotu, na hayo nayo niliyatazama nikiwa ukingoni. Lakini nilifundisha sayansi miaka mingi kabla na baada ya kuwa mwalimu mkuu, na hewa iliyobanwa ni somo nilipendalo. Zaidi ya hayo, ninalo deni langu kwa mitungi hii, nami nitalitaja.

Kwanza tuelewe kitu tunachokihukumu. Mtungi wa chuma wa aina aliyoileta ulienea sana katika miaka ya 1950 na 1960. Nafasi yake ya ndani ni lita 12 hivi, lakini ukijazwa kwa mgandamizo wake kamili hubeba hewa ipatayo lita 2,000, yaani hewa ya kujaza kabati kubwa la nguo. Mtu huichukua hewa hiyo mgongoni akashuka nayo. Akifika mita 10 chini, mgandamizo unaomzunguka ni mara mbili ya ule wa juu ya maji, na kila pumzi humaliza hewa mara mbili. Jambo hili liliwezekana kwa watu wengi baada ya mwaka 1943, pale Wafaransa wawili, Jacques Cousteau na Émile Gagnan, walipotengeneza kifaa cha kumpa mzamiaji hewa kadiri anavyovuta. Gagnan alikuwa mhandisi wa mambo ya gesi, na wakati wa vita, petroli ilipoadimika, alikuwa ameshughulikia kifaa cha kuendeshea magari kwa gesi. Dhiki ilizaa ufundi, jambo ambalo watu wa huku hawahitaji kuelezwa.

Sasa nianze na valvu, kwa kuwa ndiyo iliyonifurahisha zaidi kwa macho na kunisikitisha zaidi kwa akili. Ni valvu ya aina iitwayo J. Herufi hiyo haina siri yoyote: ilitokana na orodha ya bidhaa ya kiwanda kimoja cha Marekani katika miaka ya 1950, na nduguye asiye na akiba akaitwa K. Ndani ya valvu ya J kuna springi. Hewa ya mtungi inaposhuka na kubaki kama pauni 300 kwa kila inchi ya mraba, springi hiyo huanza kuifunga njia, na mzamiaji huona pumzi inakuwa nzito. Hapo huvuta mkono mdogo ulio ubavuni mwa valvu, akapata akiba ya kumpandisha juu. Katika zama ambazo wazamiaji wengi hawakuwa na saa ya kuwaonyesha hewa iliyobaki, mkono ule ulikuwa kengele ya mwisho ya kipindi.

Mwanafunzi wangu ameitengeneza valvu hiyo kwa usafi wa ajabu. Shaba imepakwa kromu upya, nyuzi za skrubu zimesafishwa, oringi ni mpya, mkono unakwenda juu na chini bila kukwaruza. Lakini nilipoifungua, springi sikuiona. Ilikuwa imeliwa na kutu, naye hakupata nyingine, akafunga hivyo hivyo. "Hakuna atakayeizamia, Mwalimu," akasema. "Itakaa kabatini." Huenda. Lakini mkono unaovutika bila kufungua kitu ni sawa na salamu ya mtu asiyekusikia. Mimi simlaumu kwa kukosa springi. Namlaumu kwa kufunga kifuniko bila kuandika. Kikaratasi kimoja chenye maneno matatu, "Haina springi ndani," kingeufanya uongo huu kuwa kumbukumbu. Nimempa alama 6 kati ya 10, na nne nilizozizuia ni za kikaratasi.

Mtungi wa chuma ndio kazi yake bora, ingawa yeye aliuona ndio duni. Hakuupaka rangi mpya. Rangi ya zamani imebaki mabaka mabaka, na mahali mikanda iliposugua panaonekana, kama mpini wa jembe unavyoonyesha mkono wa aliyelima nalo. Shingoni zimebaki chapa zote: alama ya aina ya chuma, mgandamizo wake, namba yake, mwaka wa kwanza kupimwa, 1967, na miaka ya vipimo vilivyofuata. Kazi yake kubwa ameifanya mahali pasipoonekana, ndani. Alitia vijiwe vigumu, akauviringisha mtungi kwa saa nyingi mpaka kutu yote ikatoka, akauosha na kuukausha upesi kabla kutu mpya haijaanza.

Kutu ya ndani si jambo la sura. Chuma kinaposhika kutu hula oksijeni. Mtungi ulioingia maji ya chumvi, ukajazwa hewa na kuwekwa muda mrefu, unaweza kubaki na hewa isiyo na oksijeni ya kutosha. Haina harufu wala rangi tofauti. Anayeivuta hapaliwi, huzimia tu. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kwa mtungi methali hiyo ni onyo la uhai. Kijana huyu amelielewa hilo, nami nimempa 9. Moja nimeizuia kwa kuwa bado haujapitishwa katika kipimo cha maji. Mtungi hujazwa maji, ukasukumwa kupita mgandamizo wake wa kawaida, kisha hupimwa umetanuka kiasi gani na kama umerudi. Hutumiwa maji na si hewa kwa sababu maji hayabanwi kwa urahisi. Mtungi ukipasuka humwaga, haulipuki.

Ndipo tukafika kwenye mtungi wa alumini, na hapo mazungumzo yetu yakapoa. Kwa macho ulikuwa mzuri kuliko vyote. Ameusugua kwa msasa laini mpaka ukang'aa kama sufuria ya harusi. Na mtungi huu haukuwa wa kabati: mtu mmoja wa pwani alikuwa tayari kuununua ili aujaze na kuutumia, kwa bei ambayo ingemaliza bati la nyumba ya mama yake. Nikasoma shingo. Ni wa miaka ya 1970. Mingi ya mitungi ya alumini ya miaka hiyo ilitengenezwa kwa aloi ijulikanayo kwa namba 6351, na aloi hiyo ina tabia ya kupata nyufa shingoni, polepole, kwa kukaa na mzigo miaka mingi. Baadhi imepasuka wakati wa kujazwa, ikaua na kukata viungo vya watu. Ndiyo maana aloi hiyo iliachwa, na mitungi yake iliyobaki hudai ukaguzi maalumu wa shingo, ambao sikusikia kwamba huu umefanyiwa. Nikamwambia, "Mwanangu, hii ni sifuri."

Hakunijibu kwa muda. Kisha akasema kwa upole, "Mwalimu, wewe una pensheni."

Neno hilo lilinichoma, kwa kuwa ni kweli. Ni rahisi kuwa mhakiki mkali wa kazi ambayo chakula chako hakitoki humo. Lakini yule atakayesimama kando ya mashine ya kujazia naye hana pensheni, na anayo mama. Bati huweza kungoja mavuno mengine.

Ili asidhani natafuta makosa tu, nilimkumbusha jambo tuliloliona sote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, katika makumbusho ya Fort Jesus, Mombasa. Pale vimo vitu vilivyotolewa katika meli ya Wareno, Santo António de Tanná, iliyozama chini ya ngome mwaka 1697 wakati Waomani walipoizingira. Kuanzia mwaka 1977 hadi 1980 wazamiaji waliichimbua, wakiwa na mitungi mgongoni. Walipandisha vyombo vingi. Lakini mbao za meli yenyewe walizipima, wakazichora, kisha wakazifunika tena chini ya bahari, kwa sababu mbao zilizolowa karne tatu huharibika zikikauka ovyo. Huo kwangu ndio uhakiki wa hali ya juu wa vitu vya kale: kujua lini mkono wako unasaidia, na lini unatakiwa kuacha.

Sasa deni langu. Mwaka 1988, katika shule niliyokuwa nikiiongoza, kengele yetu ilikuwa ringi ya gari. Dereva wa lori lililopeleka vitunguu swaumu Tanga akarudi na mtungi mkuukuu wa kuzamia, tukaununua kama chuma chakavu, tukaukata kitako, tukauning'iniza mtini. Ulilia vizuri ajabu. Kisha tukapata habari za mgeni mkubwa. Nikaagiza usafishwe. Fundi aliuliza, "Na hizi namba za shingoni?" Nikasema, "Futa, upendeze." Akazisaga zote kwa grenda, tukapaka rangi ya kijani. Mgeni hakufika.

Nilimpeleka mwanafunzi wangu akauone. Alipitisha kidole shingoni, mahali palipo laini kupita kiasi, mara mbili, tatu. Aliizoea kengele hiyo tangu utoto. Ulitengenezwa wapi, ulipimwa lini, nani aliubeba, ulifikaje Tanga: hayo niliyafuta mimi, mwalimu, kwa ajili ya mgeni wa saa moja.

Alipoondoka alibeba vitu viwili. Mtungi wa alumini ameuacha kwangu, bila valvu, na ubavuni ameutoboa tundu kwa keekee ili asipatikane wa kuujaza tena. Sijui kama alifanya hivyo kwa kukubali au kwa hasira. Pengine vyote viwili. Mwalimu mkuu wa sasa ameshauomba kwa ajili ya kengele ya pili, upande wa madarasa mapya. Nimekubali kwa sharti moja, nami nimeliandika na kutia sahihi: shingo isipakwe rangi.