Dakika 18 za Unga na Maji

Mtu wa Nyabusozi, kule Biharamulo, akisikia habari za mkate usiotiwa chachu anaweza kusema mbona unga wake wa muhogo hauhitaji hamira. Kweli, lakini kwa sheria ya Kiyahudi muhogo hautoi matza, yaani mkate wa Pasaka. Mahindi nayo hayafai. Nafaka zinazokubalika ni tano tu: ngano, shayiri na nyingine tatu za ukoo huo.

Sababu yake inashangaza. Matza lazima itokane na unga unaoweza kuumuka. Marabi wa Talmudi, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya Kiyahudi, walitofautisha: ngano ikilowa huumuka, mchele na nafaka za jamii ya ulezi huoza tu. Kwa hiyo kazi ya mpishi ni kuuwahi unga kabla haujachacha. Wapika rubisi, pombe ya ndizi ya Kagera, wanalielewa hilo bila somo: togwa la ndizi likichanganywa na mtama, kesho linatoa povu, na hakuna aliyenunua hamira dukani.

Ndiyo maana maji ya kukandia huachwa yalale usiku mzima yapoe. Chumvi haitiwi. Maji yakishagusa unga, saa inaanza kuhesabu dakika 18, na donge haliachwi hata kidogo, kwa kuwa joto la mikono huliharakisha. Linasukumwa jembamba, linatobolewa matundu lisifure, kisha linaingia kwenye tanuri kali mno. Kipimo cha kuiva ni hiki: ukiivunja matza, pasitoke nyuzi za unga mbichi.

Usiku wa Pasaka, mezani huwekwa matza tatu. Ya kati huvunjwa mapema, na kipande kikubwa, afikomani, hufichwa kiliwe mwisho. Ukifika wakati wa kula, kiongozi hushika zote tatu na kumshukuru Mungu atoaye mkate katika ardhi. Halafu huiachia ya chini na kusoma baraka ya pili, ya amri ya kula matza. Mimi naona huo ni ufundi mzuri: mkate mzima ni wa shukrani ya kila siku, uliovunjika ni wa usiku huo peke yake.

Jirani zetu Abayudaya wa Mbale, Uganda, jamii ya Kiyahudi iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, walizuiwa ibada zao na Idi Amin. Majeshi ya Tanzania yaliyoanza safari baada ya Amin kuivamia Kagera Oktoba 1978 yaliiteka Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Jioni hiyohiyo Pasaka ya Kiyahudi ilikuwa inaingia.

Nje ya Pasaka, mabishano kuhusu baraka ya matza hayajaisha. Wayahudi Waashkenazi huisomea matza baraka ya mkate mwaka mzima. Wasefardi wengi, sikukuu ikipita, huihesabu kuwa biskuti na kuisomea baraka ya vitafunio.