Ombi, Dai na Rufaa: Maneno Yanayoamua Mafao ya Walioumia

Inasimuliwa kuwa mwaka 1964, Serikali ya Ujerumani Magharibi ilipokubali kuwalipa askari wake wazee wa Afrika Mashariki malimbikizo ya mishahara ya vita vya 1914–1918, mlipaji alifungua ofisi Mwanza, na wazee wapatao 350 wakajipanga. Wenye vyeti walikuwa wachache mno. Waliobaki walipewa ufagio, mmoja mmoja, wakaamrishwa kwa Kijerumani waushike kama bunduki. Na wasimulizi wasema hakuna aliyekosea. Tanga, mahali ambapo vita hivyo vilipiganwa Novemba 1914, kisa hiki huchekesha. Sisi kinatutia fikira nyingine: mzee alilipwa kwa kuwa alilielewa neno. Asingaliielewa amri, kovu lake na miaka yake ya utumishi visingalimfaa kitu.

Tunakitaja kwa sababu siku hizi amri zimegeuka kuwa fomu na barua, na wazitungao ni sisi wafasiri na watumishi wa Serikali. Tangu Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali (Na. 1) ya 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama, si ya mahakama za mwanzo peke yake, ijapokuwa Kiingereza kimeachiwa nafasi pale inapolazimu. Basi yafaa tuyapime maneno tunayomtilia mdai kinywani.

Tuanze na kiinua mgongo. Ni neno zuri, la watu wenyewe, wala hatudai lifutwe. Lakini asili yake ni asante: mtu ameinamia kazi, imekwisha, anapewa kitu cha kumwinua. Mpaji ndiye apimaye. Pensheni sivyo, hiyo ni haki iliyokwisha kuchumwa, na fidia ni malipo ya kilichopotea. Katika barua tulizopata kuzisoma, maneno haya matatu hubadilishana nafasi kama kwamba ni ndugu mapacha. Askari wa keya waliorudi kutoka Bama baada ya 1945 waliijua tofauti hiyo vema. Bakshishi yao ya vita ilipimwa kwa rangi ya ngozi, Mwafrika akapata pungufu ya Mzungu wa cheo kilekile. Na mwaka 2018, Uingereza ilipotangaza fedha kwa askari wa zamani wa Jumuiya ya Madola walio katika umaskini, fedha hizo ziliitwa msaada. Msaada haukatiwi rufaa. Aliyeutaja hivyo amekwisha kuufunga mlango, kwa kusudi au bila kusudi.

La pili ni kuomba, na hapa ndipo penye madhara makubwa zaidi kwa watu wa Pwani. Mtu wa Pangani au Mkinga aliyelelewa akalelewa hamwandikii mkubwa kwa kusema "nadai". Kudai ni kwa mwenye duka na deni lake. Ataandika: "Naomba kwa heshima na taadhima ofisi yako initazame kwa jicho la huruma." Hiyo ni adabu tu, moyoni mwake anaupinga uamuzi, tena kwa hoja. Karani mmoja alitueleza, na hatutaitaja ofisi yake, kuwa barua za namna hiyo huwekwa katika jalada la maombi ya huruma, si la rufaa. Muda wa kukata rufaa unapita jalada likiwa kabatini. Mwandishi hakukosea Kiswahili. Fomu ndiyo iliyokosa kuijua adabu ya Kiswahili. Twapendekeza fomu yenyewe ibebe ukali ambao mtu anauonea haya: "Siridhiki na uamuzi wa tarehe fulani, kwa sababu hizi." Abaki na kazi ya kujaza sababu.

La tatu ni ulemavu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 imelipa neno hili heshima, na kilema limeondoka maofisini, ni vema. Lakini Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 inasema habari nyingine kidogo: uwezo wa kazi uliopotea, ukahesabiwa kwa asilimia. Ulemavu wa kudumu ukizidi asilimia 30 hulipwa pensheni ya kila mwezi. Usiozidi hapo, malipo ya mkupuo. Sasa mchukue mfanyakazi wa mkonge, wa Ngomeni au Hale, aliyeacha vidole vitatu katika korona. Mbele ya jopo la madaktari huinua mkono akauonyesha, kwa kuwa ameulizwa "ulemavu wako ni upi?" Hasemi kuwa hawezi tena kushika panga, kwani neno halikumwuliza hilo. Na yule aliyevunjika mguu akapona kwa miezi mitatu husoma kuwa alipata "ulemavu wa muda", akacheka, au akakasirika. Sisi tungependa "upungufu wa uwezo wa kazi". Ni refu, twakiri, lakini lauliza swali linaloamuliwa.

Kuhusu mapitio na marejeo hatuna mengi. Rufaa, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kuinua: shauri linapandishwa kwa mwingine aliye juu. Ofisi iliyoamua ikiutazama upya uamuzi wake yenyewe, hapo hakuna kilichoinuliwa, na hilo ndilo tungeliita mapitio. Marejeo tungewaachia majaji wanaoitisha jalada la mahakama ya chini. Kuna wafasiri wanaotumia yote matatu katika ukurasa mmoja kwa jambo moja, ati kuepuka kurudia neno. Katika insha hiyo ni sifa. Katika barua ya uamuzi ni hatari, maana mtu hajui kama aende dirisha lilelile au Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.

Barua hiyo iseme kipi kimekubaliwa, kipi kimekataliwa na kwa ushahidi gani, asilimia iliyotolewa, na nani wa kupelekewa rufaa. Kisha iandikwe tarehe yenyewe ya mwisho, si "ndani ya muda uliowekwa kisheria", kwani mzee wa Mkinga hana kitabu cha sheria nyumbani kwake.