Gigabaiti 512 ndani ya simu ya gigabaiti 2

Keneli ni sehemu ya mfumo endeshi inayokaa kati ya programu na maunzi. Huipa kila programu anwani za memori ambazo hazipo kwenye chipu yoyote: programu inapoitisha anwani fulani, prosesa huitafsiri kwanza kuwa mahali halisi kwenye RAM, ikifuata majedwali yaliyoandikwa na keneli. Anwani hizo ndizo memori pepe. Namna keneli inavyozigawa, zipi za programu, zipi zake yenyewe, zipi ziachwe wazi, huamua simu itafanya kazi gani na RAM iliyo nayo.

Ubora wa mgao huo huonekana pale RAM inapokuwa chache, na mfano wa karibu uko Athi River, Kaunti ya Machakos. Oktoba 2023 Rais William Ruto alifungua huko kiwanda cha East Africa Device Assembly Kenya, ubia wa Safaricom, Jamii Telecommunications na TeleOne ya China, kinachounda simu za 4G za Neon. Simu za kwanza ziliuzwa chini ya shilingi 10,000. Simu za bei hiyo huendesha Android, na chini ya Android ipo keneli ya Linux. Toleo la Android Go, lililotengenezewa vifaa vyenye uwezo mdogo, linadai RAM ya gigabaiti 2 angalau tangu Android 13, na kiasi hicho ndicho kipimo kinachotumika hapa.

Enzi za biti 32 uhaba ulikuwa wa anwani zenyewe. Prosesa ya biti 32 haiwezi kutaja zaidi ya gigabaiti 4. Kwa kawaida Linux iligawa tatu kwa moja: gigabaiti 3 za chini kwa programu, na 1 ya juu, kuanzia 0xC0000000, kwa keneli. Ndani ya gigabaiti hiyo moja keneli ilitaka kuiona RAM yote kwa wakati mmoja na bado ibaki na nafasi ya vifaa na mahitaji mengine. Kwenye prosesa za ARM, RAM ilibakiziwa takriban megabaiti 760. Simu yenye RAM ya gigabaiti 1 ilikuwa tayari imepita kiwango. RAM iliyozidi ilibidi ifunguliwe dirisha la muda kila keneli ilipotaka kuigusa, kisha dirisha lifungwe. Ilikuwa kazi ya kubandika viraka, na biti 32 hazikuisha chipu za biti 64 zilipoingia: simu nyingi za Android Go zilitoka na chipu ya biti 64 zikiwa na programu za biti 32, maana kielekezi (namba inayotaja anwani) cha baiti 4 hula nusu ya nafasi inayoliwa na kielekezi cha baiti 8.

Kwenye ARM ya biti 64 hesabu hugeuka. Anwani ni tele, RAM ndiyo haba. Hata hivyo keneli ya kawaida ya Android haitumii biti zote 64, hutumia 39. Biti 25 za juu huonyesha upande tu: zikiwa sufuri zote, anwani ni ya programu, zikiwa moja zote, ni ya keneli. Prosesa ina rejista mbili, TTBR0 na TTBR1, kila moja ikielekeza kwenye majedwali ya upande wake. Programu mpya inaposhika zamu, keneli hubadilisha TTBR0. Majedwali yake yenyewe hukaa palepale. Kila upande una gigabaiti 512: wa programu huanzia sufuri hadi 0x0000007fffffffff, wa keneli huanzia 0xffffff8000000000 hadi mwisho kabisa. Katikati kuna pengo kubwa lisilo na chochote, na kielekezi kilichoharibika kikiangukia humo, kosa hugunduliwa papo hapo. Biti zisizotumika nazo hazikutupwa. Tangu Android 11, kwenye programu za biti 64, baiti ya juu kabisa ya vielekezi vya hipu (memori ambayo programu huiomba ikiwa inaendelea kufanya kazi) hubeba alama ya kusaidia kunasa makosa ya memori, kwa kuwa prosesa inaweza kuamriwa iipuuze.

Kwa nini 39 na si 48, ambazo prosesa hizo zinaziweza? Jibu liko kwenye majedwali. Memori hugawanywa katika kurasa za kilobaiti 4, na kila ukurasa unahitaji mstari wa baiti 8 unaosema uko wapi kwenye RAM na unaruhusiwa kufanywa nini. Kama gigabaiti 512 zingeandikiwa jedwali moja lililonyooka, lingekuwa na mistari 134,217,728, sawa na gigabaiti 1 nzima kwa kila programu. Programu mbili tu, na simu imeisha. Ndiyo sababu jedwali hukatwa kwa ngazi. Kila jedwali lina mistari 512 na linajaza ukurasa mmoja. Mstari wa ngazi ya kwanza huelekeza kwenye jedwali la ngazi ya pili, na la pili kwenye la tatu. Eneo lisilotumika huachiwa mstari mtupu, na majedwali ya chini yake hayaundwi kamwe.

Chukua anwani 0x7012345678. Prosesa huikata vipande vinne: biti tisa, tisa, tisa, na kumi na mbili za mwisho. Kipande cha kwanza kinatoa 448, cha pili 145, cha tatu 325, cha mwisho 1656. Inaanzia kwenye jedwali ambalo TTBR0 inaelekeza, inasoma mstari wa 448, inashuka hadi jedwali linalofuata na kusoma wa 145, kisha wa 325 katika la tatu. Hapo inapata ukurasa halisi, na baiti inayotafutwa ni ya 1656 ndani yake, zote zikihesabiwa kuanzia sufuri. Ni safari tatu za memori kabla ya ile iliyokusudiwa. Prosesa huweka tafsiri za karibuni katika akiba yake ndogo ili isirudie safari hizo, lakini anwani isiyokuwemo hulipiwa kikamilifu. Biti 48 zingeongeza ngazi ya nne, jedwali moja zaidi kwa kila programu na safari moja zaidi kwa kila tafsiri iliyokosekana. Gigabaiti 512 zinaitosha simu kwa mbali, hivyo uamuzi wa 39 hauna ubishi mkubwa.

Upande wa keneli una maeneo kadhaa. Tangu Linux 5.4 ya mwaka 2019, nusu ya chini, gigabaiti 256, ni picha ya RAM yote, mstari kwa mstari: kupata anwani pepe ya mahali popote kwenye RAM ni kujumlisha namba isiyobadilika. Simu ya gigabaiti 2 hutumia sehemu ndogo mno ya eneo hilo, na hakuna hasara, kwa kuwa anwani tupu hailipiwi. Nusu ya juu ina eneo la vmalloc, ambako kurasa zilizotawanyika kwenye RAM huonekana zimefuatana, na keneli yenyewe hupakiwa humo. Moduli, vipande vya keneli vinavyopakiwa baadaye, kwa muda mrefu zilitengewa megabaiti 128 karibu nayo, kwa sababu amri ya ARM ya kuita kazi moja kwa moja haifiki mbali zaidi ya hapo. Eneo la vmemmap lina rekodi ya baiti 64 kwa kila ukurasa wa RAM. Kwa kurasa 524,288 rekodi hizo hufikia megabaiti 32, nazo ni RAM ya kweli iliyotoka mfukoni mwa mtumiaji kabla hajafungua programu yoyote.

Upande wa programu, ukurasa wa sufuri hauguswi, ili kielekezi kitupu kiangushe programu badala ya kuharibu data. Staki, memori ya muda ya kazi zinazoitwa ndani ya programu, hukaa juu. Maktaba na faili zilizofunguliwa hupangwa chini yake zikishuka. Mahali pa kuanzia huchaguliwa kwa bahati nasibu ili mvamizi asijue pa kulenga. Android hapa ilifanya biashara ya kutiliwa shaka. Programu zake nyingi huzaliwa kwa kunakiliwa kutoka mchakato mmoja, Zygote, uliokwisha pakia maktaba za kawaida. M-PESA na WhatsApp kwenye simu moja hivyo huziona maktaba hizo kwenye anwani zilezile, na kurasa halisi ni zilezile hadi mojawapo ya programu hizo iandike juu yake. Hapo tu ndipo keneli huipa nakala yake. RAM inaokolewa sana, ila bahati nasibu ni moja kwa programu zote hadi simu izimwe na kuwashwa.

RAM ikibana, kurasa zilizotoka kwenye faili bila kubadilishwa hutupwa tu, kwa kuwa zinaweza kusomwa tena. Za hipu na staki hazina pa kurudi, basi zRAM huzibana na kuzihifadhi ndani ya RAM ileile badala ya kuchakaza hifadhi ya simu. Mstari wa jedwali hufutwa na kuandikwa ukurasa ulipo; programu ikiugusa, prosesa hukwama, keneli huufungua, na kazi huendelea. Hayo yasipotosha, huduma ya lmkd huchagua programu ya nyuma na kuiua.

Android 15 imeruhusu kurasa za kilobaiti 16. Kila jedwali sasa lina mistari 2,048, na ngazi tatu zilezile hufikia biti 47. Akiba ya tafsiri hufunika memori zaidi, lakini faili ya baiti 100 ikipakiwa hushika kilobaiti 16 nzima. Kwa simu yenye RAM nyingi ni faida. Kwa ya gigabaiti 2, kilobaiti 4 bado zina maana zaidi. Tangu Novemba 1, 2025, Google Play inadai programu mpya na masasisho yanayolenga Android 15 au zaidi yaendane na kurasa hizo kubwa. Wanaoguswa ni wenye maktaba za C au C++, ambao lazima wazikusanye upya. Programu zilizoandikwa kwa Java au Kotlin pekee huendelea zilivyo.