Mwenye Msukule ni Nani? Kuzitazama Upya Filamu za Kutisha

Katika madarasa ya itikadi suala la filamu limezoeleka kujadiliwa kwa maneno mawili tu: starehe na kasumba. Filamu za kutisha ndizo zinazodharauliwa kupita zote. Kada anayepita jioni mbele ya banda umiza mjini Sumbawanga, akasikia mayowe ya mzuka na sauti ya mtafsiri anayetia chumvi, huona kwamba hapo hapana kazi ya siasa. Sisi hatukubaliani na msimamo huo. Mle ndani, na siku hizi hata kwenye simu, kijana hufundishwa ni nani wa kumwogopa, na aliyekwisha kufundishwa nani wa kumwogopa hayuko mbali na kufundishwa nani wa kumpiga.

Tuanze na White Zombie, filamu ya Victor Halperin iliyotengenezwa Marekani mwaka 1932. Mambo yake yanatokea Haiti. Nchi hiyo ilikuwa imekaliwa na majeshi ya Marekani tangu 1915, na hayakuondoka hadi 1934. Filamu haigusi jambo hilo. Lakini inatuonyesha kiwanda cha sukari, na wafanyakazi wake ni wafu waliofufuliwa na mwenye kiwanda, mchawi anayeigizwa na Bela Lugosi. Wanabeba miwa vichwani, wanasukuma gurudumu la kusagia usiku kucha. Mmoja anaanguka ndani ya mashine, wenzake hawageuki kutazama. Mwenye kiwanda anamweleza tajiri mwenzake kwamba watu wa namna ile hawanung'unikii urefu wa saa za kazi. Ni nadra kumsikia bepari akisema kweli kiasi hicho katika filamu za nchi yake mwenyewe.

Mkulima wa Ufipa hahitaji kamusi kuielewa filamu hiyo. Yeye anamjua msukule: mtu aliyeliliwa na kuzikwa, kumbe, kama wasemavyo, yuko shambani kwa mtu, analima usiku bila ujira. Kisayansi hakuna msukule. Lakini hadithi yake si upuuzi, kwa maana kiini chake ni nguvu kazi iliyoibwa. Wakati wa ukoloni wanaume wa nyanda hizi za magharibi, Wafipa wakiwamo, walikwenda katani Tanga, wakapewa namba mahali pa jina, wakaitwa manamba. Walioachwa nyumbani waliona mtu mzima anaondoka na anarudi mifupa, au harudi kabisa. Hatudai kwamba hadithi ya msukule ilizaliwa katani. Tunasema kwamba umma ulikuwa na lugha ya kuyaelezea mambo hayo kabla ya kupata lugha ya uchumi wa siasa. Vivyo hivyo uvumi wa banyama katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na wa mumiani huku kwetu: watu waliosemwa kwamba hunyonya damu ya Waafrika kwa faida ya wageni. Maofisa wa kikoloni walicheka, na kodi wakaendelea kukusanya.

Sasa tumtazame Frankenstein, ya mwaka 1931, iliyoongozwa na James Whale. Hii tunawataka makada waitazame kwa makini zaidi. Mwana wa kabaila anaunganisha viungo vya maiti na kuunda kiumbe, kisha anashindwa kukitunza na kukificha. Filamu inadai kiumbe kile ni mwovu kwa sababu kilitiwa ubongo wa mhalifu. Yaani uovu ni wa asili, haukutokana na alivyotendewa. Kinamwua mtoto ziwani pasipo kujua kitendo chake. Ndipo wanakijiji wanapotoka usiku na mienge na mbwa, wakakifungia katika kinu cha upepo, wakakichoma. Na muundaji? Anapona. Mwisho wa filamu baba yake anakunywa mvinyo kuombea ukoo upate mrithi. Umati umefanya kazi yote ya hasira, na nyumba ya kabaila imebaki imesimama!

Umati ule wenye mienge ndio unaotuhusu. Mji wetu unabeba jina ambalo wenyeji hulieleza kuwa ni amri ya kutupa uchawi, lakini nchi nzima imeligeuza kuwa mzaha, kana kwamba uchawi ni zao la Ufipa kama mahindi. Mwaka 1963 na 1964 wimbi la Kamcape lilipita vijijini humu likidai kuwafichua wachawi na kuwasafisha kwa dawa. Filamu za kutisha za nyumbani, zilizochipuka Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 2000, kama Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi, zilikuwa na sifa ya kututoa katika utumwa wa mizuka ya kigeni. Hilo tunalipongeza. Lakini katika nyingi zilizofuata, mchawi ni nani? Bibi kizee wa kijijini, mjane, macho mekundu kwa moshi wa kuni. Tajiri wa mjini aliyekwenda kwa mganga kutafuta utajiri huonewa huruma, hutubu na kusamehewa. Hapo uhusiano umepinduliwa: katika White Zombie mwenye msukule ana kiwanda, katika filamu zetu hana hata bati.

Haya si maneno ya ukumbini tu. Februari 2013, katika vijiji vya mkoa wa Rukwa, watu wenye ualbino walikatwa mikono, mmoja wao akiwa mtoto. Kiungo hakikatwi ila yupo anayekitaka, na anayekitaka ana fedha. Tungependa kuiona filamu ya Kitanzania inayomfuata mnunuzi huyo hadi sebuleni kwake.

Wapo wanaotaka tuanze na Metropolis ya Fritz Lang, ya mwaka 1927, kwa kuwa inawaonyesha wafanyakazi chini ya ardhi na mabwana juu. Ni filamu kubwa kwa macho. Lakini inamalizika kwa bwana na msimamizi wa wafanyakazi kupeana mikono, mitambo ikibaki mikononi mwa yule yule. Haitufai kwa somo la kwanza.

Kwa somo la kwanza twashauri Pumzi, filamu fupi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, ya mwaka 2009. Inaonyesha Afrika Mashariki baada ya vita vya maji: watu wamefungiwa ndani, jasho na mkojo wao husafishwa wanywe, umeme wao huzalishwa kwa miili yao wenyewe juu ya mashine za mazoezi, na ndoto zao huzuiwa kwa vidonge. Asha anatoroka na mche mmoja, anaupanda jangwani, anaukinga kwa mwili wake. Kasoro tunayoiona ni kwamba anakwenda peke yake. Mfipa anayefukia nyasi katika ntumba apate mbolea, na anayejua kwamba msitu wa Mbizi ukiisha maji nayo yanaisha, atauliza mara moja wenzake walikuwa wapi. Filamu ionyeshwe hapo hapo chini ya Mbizi, na mkufunzi anyamaze mpaka swali hilo litoke kwa watazamaji.