Bordeaux juu ya kabati: tuifungue leo ao tuingoje?

Mwezi jana kwetu Uvira tulifungua chupa mbili za Bordeaux nyekundu. Mdogo wangu alikuwa ametoka kudefandi. Ya kwanza ilikuwa ya mavuno ya 2014. Baba mdogo aliileta toka Ubelgiji, baba akaisimamisha juu ya kabati, karibu na mabati, akasema: hii ni ya siku mtoto wa mwisho atamaliza iniversite. Ya pili, ya 2021, niliinunua dukani jioni ile ile, dola 9, juu niliogopa wageni watazidi.

Zote mbili ziliandikwa Bordeaux tu. Haikuwa Médoc, haikuwa Saint-Émilion.

Ile ya kabati ilikuwa imekufa. Rangi ya tofali, harufu ya matunda yaliyochemshwa mpaka yakachoka, na nyuma yake siki. Wazee walikunywa kwa heshima. Baba akasema divai ya zamani njo vile iko. Mi nikanyamaza.

Ya dola 9 sasa. Harufu ya matunda meusi, kidogo ya majani mabichi. Mdomoni inakamata ulimi kama chai ya rangi iliyosahauliwa ndani ya birika: ile njo tanini, inatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu. Ukimeza, utamu unapotea haraka, na hapo njo unaona bei yake. Lakini ilikuwa hai, na pamoja na mbuzi ya kuchoma ikawa nzuri zaidi. Chupa iliisha mbele ya ile ingine.

Kosa letu linatoka wapi? Tulisikia divai inazidi uzuri ikizeeka. Ni kweli kwa chache. Mwaka 1855 madalali wa Bordeaux walipanga mashato makubwa kwa kufuata bei, na sifa ya zile chache tukaivalisha kila chupa yenye jina Bordeaux. Divai zile ziko na tanini nyingi, zinakaa ndani ya mapipa ya mwaloni, kisha zinalazwa gizani, kwenye digri 12 ao 14 hivi. Bordeaux ya kawaida ni Merlot kwa sehemu kubwa, zabibu laini, na imetengenezwa ili inywewe ingali kijana: miaka mitatu, minne, mitano kisha mavuno. Usimamishe chupa miaka kumi kwenye joto la Uvira, kizibo kinakauka, hewa inaingia. Hata shato kubwa lingelia.

Na maandishi "Grand Vin de Bordeaux" yasikutishe: hayapimi uzuri. "Mis en bouteille au château" inasema tu mahali divai ilitiwa chupani. Soma mwaka kwanza. Ukiwa na dola chache za kuongeza, tafuta Castillon ao Fronsac. Kule pesa yako inaonekana ndani ya glasi. Bordeaux iko na divai kuliko wanywaji, mpaka mwaka 2023 serikali ya Ufaransa ilikubali kulipa wakulima wang'oe mizabibu. Kwa hiyo bei ndogo haiko lazima alama ya divai mbaya.

Juu ya kabati kumebaki chupa moja, ya 2016, ya ndoa ya dada. Nilimwomba baba tuifungue siku ya Mungu. Hajanijibu.