Shujaaz: Mashujaa Wasio na Miujiza

Uhakiki wa hadithi za katuni katika Kiswahili ungali mchanga, na sababu yake si uhaba wa matini bali ni dharau. Msomi aliyezoea riwaya na utenzi huona haya kukutwa na kijitabu cha picha mkononi. Hata hivyo Shujaaz, iliyoanza kutolewa Nairobi na Well Told Story mwaka 2010, yastahili kusomwa upya, hasa kwa jicho la msomaji wa Migori na Homa Bay, ambaye lugha ya nyumbani kwake ni Dholuo, Kikuria au Kisuba. Ilitolewa bure, ikiwa ndani ya gazeti la Daily Nation na katika vibanda vya M-Pesa. Kwa njia hiyo iliweza kumfikia kijana wa Awendo au Mbita ambaye hajapata kuingia duka la vitabu.

Jina lenyewe ni mzaha wa kimofolojia. Kiswahili husema mashujaa, wingi ukitangulia. Hapa kiambishi ma- kimetupwa na z ya mtaani ikabandikwa mwishoni. Mwalimu wa sarufi atakasirika kwanza, kisha acheke. Mzaha huo una maana, kwani mashujaa hawa hawavai joho wala hawaruki angani. Boyie ni kijana aliyemaliza shule akakosa kazi. Akiwa chumbani mwake huteka masafa ya redio kwa mitambo aliyojiundia na kutangaza kwa jina la DJ B bila wazazi kujua. Maria Kim, Malkia na Charlie Pele wana visa vyao, na redio ndiyo uzi unaowaunga kuwa kundi. Siri ya jina, ambayo katika katuni za Marekani humkinga shujaa na maadui, hapa humficha kijana asiye na kazi kwa wazee wake. Kinaya hicho ni kikali kuliko kinavyoonekana mara ya kwanza.

Kisa cha vifaranga waliopakwa rangi ya waridi ndicho kilele cha fani hii. Mwewe hawatambui kuwa ni chakula, huwapita. Mama wa Ndhiwa amjuaye mwewe hahitaji kuelezwa hasara yake. Anachopewa ni hila, ile ile ya sungura, ambapo mnyonge humshinda mwenye kucha kwa akili. Fundisho la ufugaji limo ndani ya kichekesho chenyewe, wala haliwezi kuchopolewa pasipo kukiua. Kwingineko mambo ni dhaifu: nasaha hutangulia, maneno hujaa vidutu vya usemi, na picha hubaki bila kazi. Hapo sauti ya mfadhili husikika kuliko ya msanii.

Nyanza ya Kusini inaye shujaa wake wa miujiza, Gor Mahia wa Kanyamwa, ambaye masimulizi humfanya ajigeuze umbo apendavyo ili awaponyoke wanaomtafuta. Boyie, abadilishaye jina na sauti tu, ni ndugu yake wa karibu kuliko Superman.

Shutuma kwamba Sheng ya kitabu hiki huharibu Kiswahili cha insha za mtihani haina uzito mkubwa. Viambishi vya nafsi na njeo ni vya Kiswahili. Hata ka- ya udogo, inayowaudhi wasahihishaji, ni ya Kibantu. Mtoto wa Rongo azungumzaye lugha ya Kiniloti nyumbani huchuma humo sarufi nyingi zaidi ya inayopotea. Shutuma nzito ni nyingine, wala haijasemwa vya kutosha. Sheng, iliyozaliwa mitaa ya mashariki ya Nairobi, ilikopa maneno ya Dholuo. Yanaporudi ziwani yamekwisha vaa lafudhi ya jiji, na mwenye mali huyapokea kama mgeni. Redio ya Boyie huzungumza na nchi nzima, lakini huzungumza kwa ndimi za Nairobi. Mwana wa Mbita husikiliza, hucheka, hupaka vifaranga wake rangi, na Kisuba cha bibi yake hakimo hata katika kidutu kimoja.